Kigae cha Paskazia

Paskazia wa Kagoma alivuta kiko miaka arobaini, na moshi wake ulikuwa mzito kiasi kwamba kuku wake walipanda kulala saa tisa mchana wakidhani jua limekwisha. Asiyeamini akawaulize kuku. Mama mkwe wake ndiye aliyemwashia kiko cha kwanza, siku alipomzika mtoto wake wa kwanza, akamwambia, "Vuta, mkwe wangu, kifua kipate cha kushika." Tangu hapo kila msiba ulimkuta na kiko mdomoni. Alimzika mume nacho. Akangoja nacho vita vya Kagera viishe, wakati magari ya jeshi yalipopita usiku na mchana kuelekea Bukoba na migomba ikatetemeka mpaka ndizi zikamenyeka zenyewe. Vita vilipoisha alikaa kizingitini akavuta pumzi moja ndefu, akasema, "Sasa tutapumzika."

Hawakupumzika. Baada ya miaka michache ukaja ugonjwa. Watu waliupa jina la kitambaa, wakauita Juliana, maana walisema umeingia na magendo ya mpakani pamoja na vitambaa vyenyewe. Ukaanza kuchukua vijana, wale wale waliorudi vitani salama, na wake zao, na wauza samaki wa visiwani. Zamani mtu akifa, Kagoma nzima iliweka majembe chini siku nyingi, watu wakalala kwa mfiwa juu ya nyasi zilizotandazwa sakafuni. Sasa nyasi zilikuwa hazijakauka nyumba hii, nyumba ya pili imeshapiga yowe. Wazee wakakaa, wakapunguza matanga yakawa siku mbili, halafu moja, la sivyo migomba ingemezwa na magugu na waliobaki wangekufa njaa. Paskazia alizoea kutoka msiba huu, kukung'uta nyasi kwenye kanga, na kuingia msiba ule bila kupitia kwake. Alichoka mpaka akawa analia kwa zamu: leo machozi, kesho sauti tu.

Zamu ya nyumba yake ikafika mwaka 1986. Bernadeta, binti yake wa mwisho, aliyeolewa na mvuvi wa visiwani jina lake Masalu, alirudi nyumbani mjane. Mgongoni mtoto wa kike wa miaka mitatu, kichwani godoro, na godoro lilikuwa zito kuliko wao wawili. Mtoto aliitwa Rozi. Bernadeta aliishi miezi mitano. Asubuhi moja alimwita mama yake pale kitandani.

"Mama, kiko chako."

"Kimefanya nini tena?"

"Mwanangu kifua chake hakina nguvu. Usimvutie moshi. Niapie."

"Naapa."

"Usiape upesi hivyo, Mama. Nakujua."

Paskazia akaapa tena, polepole, mkono juu ya kichwa cha Rozi. Juma lililofuata walimzika Bernadeta pale kibanjani, kati ya migomba, karibu na baba yake.

Kiko akakitundika ukutani. Siku ya kwanza aligombana na mbuzi wake. Siku ya pili aligombana na mbuzi wa jirani. Siku ya tatu alikuwa anamtafuta katekista, na bahati ya katekista ni kwamba Karugendo alitangulia kufika.

Karugendo alikuwa kaka yake Paskazia. Alikwenda vitani na mgambo, akapika maharage ya jeshi kuanzia Kyaka mpaka ng'ambo, ingawa katika masimulizi yake hakuna hata harage moja, ni vifaru tu.

"Dada, unajitesa bure," alisema. "Kule vitani tulikatazwa kuwasha sigara, adui asione moto. Unadhani tuliacha? Tulitandaza tumbaku juu ya bati, bati juu ya injini ya kifaru, tukavuta ule mvuke. Haiungui. Inapata moto tu. Moshi hakuna. Siku moja adui alinusa ile harufu akatoka porini mikono juu, anasema nifungeni, lakini na mimi nipeni."

"Mkampa?"

"Tulimpa. Kwani sisi wanyama?"

Katika maneno yote hayo Paskazia alishika mawili: moshi hakuna. Alikuwa ameapa kuhusu moshi. Kuhusu mvuke hakuna mtu aliyemwapisha.

Alitafuta kigae cha chungu kilichovunjika, akakiweka juu ya makaa yaliyofifia, yale yasiyo na ndimi. Juu ya kigae akatandaza jani la tumbaku alilolilowesha kidogo. Akachukua kibuyu kidogo kilichokatwa kitako, akalifunika jani, na kwenye shingo ya kibuyu akachomeka mrija wa kunywea lubisi, pombe ya ndizi. Akavuta. Hakukohoa. Chumba hakikuwa na wingu, macho hayakuwasha, kuku waliendelea kuparua uani bila kujua kwamba bibi yao anavuta. Paskazia akafumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu azike, mabega yalishuka.

Habari zikaenea. Burhani, muuza tumbaku kutoka Bukoba mjini, aliyemwoa Mastura wa nyumba ya jirani, alipokiona kigae alipiga makofi. Gulio lililofuata alikuwa anawatangazia wateja kwamba tumbaku ya kuchoma inaleta kifua, lakini ya kupasha ni kama uji. Wazee watatu wakavunja vyungu vizima ili wapate vigae.

Ubishi wenyewe ulizuka msibani kwa mzee Josia, aliyekuwa anazika mtoto wa pili mwaka ule. Watu walikuwa wamekaa kwenye nyasi, wamekwisha lia, wanasubiri kuchoka kupungue ndipo warudi makwao. Alikuwapo Alistidia, binti wa hapo Kagoma aliyesoma Kashozi, sasa muuguzi katika hospitali ya misheni.

"Bibi Paskazia," alisema, "nasikia siku hizi huvuti, unapasha."

"Napasha, mwanangu. Hata kikohozi kimepungua."

"Moshi umepungua, sikatai. Lakini kilicho kwenye tumbaku kimo ndani ya jani. Usipoliunguza, kinabaki mle mle. Na unachovuta kinaingia kifuani hata kama hukioni. Kupungua siyo kwisha, Bibi."

Karugendo akajitoa kwenye nyasi. "Mimi nimepasha vita vizima. Nimekufa?"

"Na risasi zilikukosa vita vizima, Baba. Tuseme haziui?"

Walicheka wote, hata wanawake waliokuwa wamejifunika. Karugendo akafungua mdomo atoe kifaru kingine.

Ndipo mfiwa mwenyewe, mzee Josia, akasema bila kuinua kichwa, "Alistidia, mwache mama wa watu. Kinachotumaliza sasa kinajulikana. Tumbaku na yenyewe ipange foleni."

Hakucheka mtu. Paskazia alirudi nyumbani akiwa ameshinda, maana upande wake walisema wawili na upande wa pili alisema mmoja. Lile neno la kubaki mle mle ndani ya jani lilipita sikioni mwake kama mgeni asiyekaribishwa kukaa.

Sasa, kiko kikimaliza kazi kinaacha majivu, unakung'uta, basi. Kigae hakiachi majivu. Kinaacha jani zima, jeusi, limejikunja, linang'aa, lina harufu tamu kama ya kitu kilichokaangwa. Na jani zima, mtu aliyelelewa kwa shida hawezi kulitupa. Paskazia alilikata vipande na kuvisokota vidogo vidogo avipashe tena kesho. Akatafuta mahali pakavu pa kuviweka. Palikuwa na kile kijikapu chenye mfuniko, cha kahawa ya kutafuna.

Kila nyumba inayojiheshimu inacho. Mgeni akikaa, kabla ya habari za nyumbani, anafunuliwa kijikapu. Mwenyeji anachukua punje moja ya kahawa iliyochemshwa na kukaushwa, anaitafuna yeye kwanza, mgeni aone hakuna baya ndani. Halafu kijikapu kinazunguka. Mwaka ule misiba ilikuwa imemaliza kahawa ya Paskazia yote, kijikapu kilikuwa kitupu. Akasema moyoni, kikae na kitu. Visokoto vile vilivyolala mle ndani vilifanana na punje za kahawa kama watoto wa tumbo moja.

Rozi alikuwa ametimiza miaka minne. Watoto wa miaka mingine walicheza harusi na duka. Watoto wa miaka ile walicheza walichokiona. Rozi alitengeneza watu kwa magome ya migomba, akawafunga kamba viunoni, akatandaza nyasi, akawakalisha. Mmoja alikuwa amekufa, amelala katikati. Waliobaki walikuwa wageni, na wageni hupewa kahawa.

Asubuhi moja, kama saa nne, Paskazia aliacha palizi akarudi ndani kunywa maji. Alimkuta Rozi ameinama mbele ya watu wake wa magome, mate yanamtiririka, uso wa rangi ya majivu. Akatapika mara mbili pale pale kwenye nyasi. Kijikapu kilikuwa wazi. Kila mtu wa gome alikuwa amewekewa kisokoto kimoja magotini, kwa adabu. Na kwenye meno ya Rozi kulikuwa na weusi, maana mwenyeji ndiye anayeanza kutafuna.

Paskazia alielewa kabla hajaweka jembe chini. Alimfuta mtoto mdomo kwa kidole, akamsukutua, akamwinamisha. Shingo ya mtoto ilikuwa imelegea, jasho baridi.

Mastura akaingia wakati huo kuomba moto, na mwanawe Shamsia nyuma yake. Alimtazama Rozi, akamtazama Paskazia, akamvuta Shamsia nyuma ya gauni lake.

"Pole waitu, pole jirani," alisema kwa sauti ya msibani. "Basi ndiyo ile ile ya mama yake."

Paskazia alikuwa na jibu mdomoni. Lilikuwa fupi: amekula tumbaku yangu. Lakini mkono wake, bila kumwuliza, ulikifunika kijikapu na kukisukuma chini ya kitanda. "Ndiyo hivyo, waitu," akasema. "Mungu anajua." Mastura akaondoka bila moto, na kabla hajafika kwake Kagoma nzima ilikuwa imeshamzika Rozi.

Karugendo alikuja na baiskeli. Paskazia akamfunga mtoto mgongoni, akapanda nyuma. Karugendo akaendesha kwa kasi ambayo, anasema mwenyewe, kivuli chao kilibaki njiani na kufika hospitali saa moja baadaye. Kwenye kilima walishuka wakasukuma, na hapo ndipo Paskazia alipomweleza kaka yake kweli yote.

Karugendo alisimama. "Usiseme huko. Dada, nisikilize. Umeapa kwa marehemu. Watakuita mchawi wa mjukuu wako. Sema homa. Siku hizi nani anauliza homa imetoka wapi?"

"Sukuma baiskeli," alisema Paskazia.

"Nakwambia kwa sababu nakupenda."

"Najua. Sukuma."

Mgongoni mtoto alikuwa mzito, kisha akawa mzito zaidi, kwa namna wanavyokuwa wazito wasiojishikilia. Paskazia alikuwa amebeba watu wengi miaka ile, akawajua uzito wao. Aliuhesabu mguu kwa mguu mpaka getini.

Alistidia alikuwa zamu. Alimpokea mtoto, akamlaza, akamfunua macho, akamshika mkono akiangalia saa.

"Ameanza lini, Bibi?"

"Asubuhi hii."

"Amekula nini?"

"Ndizi. Ndizi na maharage."

"Kingine?"

"Hakuna."

"Huyu ni wa marehemu Bernadeta?"

"Ndiye."

Alistidia aliuachia mkono wa mtoto. Hakusema neno baya. Alichofanya ni kuvuta shuka polepole, akamfunika Rozi mpaka kidevuni, akampangusa paji la uso kwa upole sana. Paskazia aliujua upole ule. Ndio waliomfanyia Bernadeta alipoletwa hapa. Wauguzi walikuwa na haraka na wagonjwa wenye matumaini, wakawasukuma na kuwachoma na kuwagombeza wameze. Wale wengine waliwafunika shuka.

"Nauliza mara ya mwisho, Bibi," alisema Alistidia. "Nisaidie. Hakuna kitu alichookota, alichotafuna?"

Paskazia aliuangalia uso wa binti yule aliyemchekesha kila mtu msibani. Akaona jinsi atakavyokuwa, bibi kizee mbele ya wote. Akaona pia mdomo wa Rozi, ule weusi kwenye jino.

"Mfunue shuka," alisema. "Amekula tumbaku. Ya kigae. Niliiweka kwenye kijikapu cha kahawa. Mimi."

Hakumaliza. Upole ulikwisha mle chumbani. Alistidia aliita daktari kwa sauti ya sokoni, mtu akakimbia, mtu akaja na chupa ya maji ya mshipa, mtu akamsukuma Paskazia ukutani bila hata kusema samahani. Mwingine alikuja na unga mweusi wa mkaa uliokorogwa kwenye maji, wakawa wanamwangalia mtoto kama ataweza kumeza. Walimchoma, wakampiga vibao miguuni, wakamgombeza, "Rozi! Usilale! Rozi!" Paskazia alitelemka ukutani mpaka chini akakaa kwenye saruji, na kelele zile zilikuwa tamu masikioni kuliko kwaya ya Pasaka.

Jua lilipoinamia upande wa pili, Rozi alifungua macho, mdomo mweusi tii, akaomba ndizi.

Alistidia alikuja akakaa chini kando ya Paskazia, naye amechoka, viatu ameshika mkononi. "Kesho kutwa mtaondoka. Mengine ya damu yake siyajui, Bibi, sitakudanganya, hapa hatuna cha kupimia. Lakini kilichomwangusha leo ni tumbaku."

"Ulisema msibani."

"Nilisema kuhusu kifua chako. Hata mimi sikufikiria kijikapu."

"Ungenisuta kidogo, mwanangu. Ningejisikia nafuu."

"Sina nguvu, Bibi. Nimesutana tangu asubuhi." Akaegemeza kichwa ukutani. "Acha tu. Kiko, kigae, vyote."

Waliporudi Kagoma, Paskazia alikizika kigae kibanjani, mbali na makaburi, maana hakutaka Bernadeta akione. Kibuyu alimpa Karugendo, ambaye alikiziba shingo, akakijaza lubisi, akanywa funda moja, akatema hatua kumi. Anasema tangu siku ile mbuzi aliyelamba pale anakataa majani.

Wageni walianza kuja. Walikuja kwa sauti za chini, kama watu wanaoangalia mahali pa kuchimba. Walikaa kwenye nyasi, wakamtazama Rozi kwa mbali, wakasema pole, wakatazamana. Mastura alikaa mlangoni, Shamsia amembana katikati ya magoti asipenye. Rozi alikuwa pembeni na watu wake wa magome, na kati yake na mtoto mwingine yeyote palikuwa na nafasi ya kulaza ng'ombe.

Karugendo alimnong'oneza dada yake, "Amepona. Nyamaza tu, itapita."

Paskazia aliitazama nafasi ile. Haikuwa inapita. Angekufa yeye, na hakuwa mbali na kufa kwa jinsi alivyochoka, Rozi angebaki na nafasi ile kila aendako, shuleni, kisimani, kanisani.

Akainuka, akachukua kijikapu. Alikuwa amekisugua kwa majivu na kukianika siku mbili, akatia kahawa mpya aliyoomba kwa mzee Josia. Akakifunua mbele yao.

"Kabla hamjatafuna," alisema, "nisikilizeni. Rozi hakuugua ile mnayoifikiria. Nilimlisha sumu. Tumbaku yangu ya kupasha niliiweka humu, kwenye kijikapu hiki hiki, yeye akacheza mwenyeji akatafuna kwanza kama tulivyomfundisha. Muuguzi ameona. Mastura, uliponipa pole nilikuitikia uongo, kwa sababu ilikuwa rahisi kumtupia marehemu kuliko kujitwika mimi. Haya. Kaseme kama ulivyosema ile."

Mtu mmoja akasema, "Paskazia wewe! Mjukuu wako!"

"Mjukuu wangu."

Akachukua punje, akaitafuna yeye kwanza, polepole, waone. Kisha akampa Josia kijikapu. Josia akakitazama, akampa wa pili yake. Wa pili akampa wa tatu. Kilizunguka nyumba nzima, mkono kwa mkono, mpaka mlangoni kwa Mastura, na kutoka kwa Mastura kikarudi kwa mwenyewe bila kupungukiwa hata punje. Kwa Wahaya hilo ni tusi ambalo watu wameuhama mji kwa ajili yake. Paskazia alikipokea magotini. Walikuwa wamemwamini, wote, mpaka wa mwisho.

Mlangoni magoti ya Mastura yalilegea. Shamsia akapenya, akavuka ile nafasi, akachuchumaa mbele ya watu wa magome.

"Leo nani kafa?" aliuliza.

Rozi alifikiri. "Leo hakuna," alisema. "Leo wanapalilia."

Paskazia akafunika kijikapu. Kiko kilikuwa bado kimening'inia ukutani, na mdomo wake ulikuwa unakidai. Akachukua punje ya pili akaitafuna peke yake, maana mchana ulikuwa bado mrefu.